Barabara Iliyomvua Min Ojara Nguo

Je, umewahi kumwona mama yako mzazi akiwa uchi? Usikasirike, nijibu kimoyomoyo. Kama hujawahi, nenda kalale usingizi wako na umshukuru Mungu wako. Ojara alimwona wake mchana kweupe, mbele ya polisi na greda na nusu ya kijiji, na wakati huo yeye mwenyewe alikuwa amevaa sare ya kampuni iliyokuja kumfukuza mama huyo nyumbani kwake.

Mama mwenyewe alizaliwa akaitwa Lakareber. Lakini kwetu Acholi, kaskazini mwa Uganda, mwanamke akishazaa, jina la usichana hufunikwa na jina la mtoto, kwa hiyo tangu Ojara alipotoka tumboni watu wote wakamwita Min Ojara, yaani mama yake Ojara. Alimlea katika kambi ya wakimbizi wa vita, kibanda kimegusa kibanda, ambako jirani akikohoa wewe ndiye unayeamka. Mume wake alifia huko huko kambini. Vita vilipokwisha, Min Ojara aliifukua mifupa yake, akaifunga katika shuka nyeupe, akaibeba kichwani mpaka nyumbani. Akaizika uani kabla hata hajajenga paa la kujisitiri. Kisha akafyeka pori lililokuwa limeimeza ardhi yao, akapanda ufuta na mtama, akaufagia ua ule kila asubuhi mpaka ukawa mgumu kama sahani.

Kumbe wakati watu wamefungiwa kambini, wenye kalamu hawakufungiwa. Mtu fulani katika ofisi fulani alikuwa amechora mstari kuuzunguka ufuta wa Min Ojara na kuuandika kuwa mali ya kampuni ya miwa.

Kampuni haikuanza kwa kufukuza mtu. Ilianza kwa barabara. Greda lilipita katikati ya ufuta, karibu kabisa na mlango wa Min Ojara, na wazee wakaambiwa wapige makofi kwa sababu maendeleo yamekuja. Hapo awali hapakuwa na mpita njia kwenye ua ule. Ukitaka kufika ilibidi uwe umekusudia kufika. Baada ya barabara, kila mwenye baiskeli akawa anajua Min Ojara anapika nini.

Baada ya barabara zikaja ajira. Dawa ya mwiba ni mwiba, na kampuni ililijua hilo. Iliajiri walinzi kutoka vijiji vile vile ilivyovitaka. Ojara aliingia. Asingeingia angekula nini? Mke wake, Ayaa, alikuwa na mimba ya tatu, na mbili za kwanza zilizaa watoto waliozikwa kabla ya kupewa majina. Safari hii daktari alitaka ale mayai, anywe maziwa, apumzike. Hayo yote yanataka mshahara.

"Nenda," mama yake alimwambia. "Njaa haina aibu. Ila usije ukasimama upande wao ndani ya ua wangu."

"Mimi nitalinda matangi ya mafuta tu, mama."

Na kweli alilinda matangi ya mafuta, mpaka asubuhi ile walinzi walipopakiwa kwenye lori bila kuambiwa waendako. Nyuma yao lilifuata greda. Opoka, mlinzi mwenzake, alitania njia nzima.

"Leo tunakwenda harusini, jamani. Hamwoni? Bwana harusi huyo nyuma anakuja ananguruma."

Lori lilipokata kona kwenye kisima cha shule, Ojara alijua. Alimgeukia msimamizi wao, mtu wa kusini aliyeitwa Byansi.

"Bwana, huku ni kwetu."

"Kwenu ni pale unapolipwa," Byansi alisema. "Kaa nyuma kama hutaki kuonekana."

Min Ojara alikuwa amesimama uani, ufagio mkononi. Polisi walikuwa wametangulia kufika, na afisa wao, kijana mwenye sauti ya upole, alimsomea amri ya kuhama. Yeye alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza salamu za mgeni.

"Umemaliza kusoma, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama."

"Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Kitgum, mama."

"Basi mama yako ni dada yangu. Mwambie mwenye kile chuma akizime."

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Na mimi nimezaa."

Afisa yule alilielewa neno hilo mara moja. Alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Min Ojara aliudondosha ufagio, akafungua shuka ya kiunoni, akafungua vifungo vya gauni.

Kwetu mama hatoi silaha hii mpaka nyingine zote zimekwisha. Tumbo lililokubeba na titi lililokulisha vikigeuzwa kukutazama kwa hasira, umefutwa. Mtoto wako hatakua, shamba lako halitazaa, na ukifa watakuzika kwa haraka. Tunaliita kiir, chukizo lisiloondoka kwa sabuni. Anayelaaniwa ana jambo moja tu la kufanya, nalo ni kugeuka akakimbia bila kutazama nyuma. Kumfunika mama yule ni kazi ya wanawake wakongwe. Mtoto wake wa kumzaa hamsogelei.

Polisi waligeuka wote kwa pamoja kama kundi la swala. Mmoja aliingia moja kwa moja kwenye ua wa miiba. Afisa alitupa karatasi yake. Opoka, yule wa harusi, alipita juu ya lori badala ya kulizunguka. Dereva wa greda, mtu aliyetoka mbali asiyezijua mila zetu, alicheka kwanza. Alipoona wenye bunduki wanakimbia, naye akaruka, akaacha chuma kinanguruma peke yake.

Ojara alikimbia pia, lakini alikimbilia kule ambako watu wote walikuwa wanakukimbia. Hakufikiri. Aliona mama yake amesimama uchi kando ya barabara, na akili ya mtoto ikamwambia amfunike. Alivua koti lake huku akikimbia, akamtupia mabegani.

"Mama, jifunike. Nakuomba, mama."

Koti lilikuwa na jina la kampuni mgongoni. Min Ojara alilitikisa likaanguka. Alimtazama usoni, akawageukia wanawake waliokuwa wanakuja na khanga zao.

"Nani huyu?" aliwauliza.

Wanawake wakaanza kulia kama kwenye msiba.

Siku hiyo hiyo jioni waliletwa polisi wa kike kutoka wilaya nyingine, wasiomjua, wakamkamata akiwa amevaa gauni lake na kitambaa kichwani. Kosa lake liliandikwa kuwa ni kufanya tendo la aibu hadharani.

Tangu hapo Ojara akawa maji ya moto, kila mtu anamwonja kwa mbali. Opoka aliacha kazi na kuuza buti zake. Walinzi waliobaki walikula naye kwa adabu ya kutisha.

"Kaka, si kwa ubaya," mmoja alimwambia. "Ila kikombe chako kiweke kule kwenye tofali."

Nyumbani ilikuwa vibaya zaidi. Usiku wa kwanza aliponyoosha mkono kitandani, Ayaa aliuzuia.

"Usiniguse tumbo."

"Ayaa, mimi ni mume wako."

"Sijasema si mume wangu. Nimesema usiniguse tumbo. Wawili nimeshazika, Ojara. Huyu sitamzika kwa sababu ya macho yako."

Kulipokucha alifunga nguo zake akaenda kwa mama yake, ng'ambo ya mto. Ojara hakumzuia. Angemzuiaje, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuiogopa mikono yake?

Alikwenda kituo cha polisi mama yake alikowekwa. Askari wa zamu alimfungulia huku akitazama pembeni. Min Ojara alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele, kama mtu aliyepumzika katikati ya palizi.

"Mama, ni mimi, Ojara."

Mama alikung'uta vumbi kwenye gauni lake.

"Ayaa ameondoka. Anaogopa mtoto atakufa. Mama, nitoe. Nitemee mate kifuani, niondolee, hata kama hutaniongelesha tena maisha yako yote."

Kwetu mate ya mzazi kifuani ndiyo baraka, na kwa kiir ya mzazi hakuna dawa nyingine. Min Ojara alimtazama kuanzia shingoni mpaka miguuni.

"Umevaa nini?"

Ojara akajitazama. Alikuwa ametoka zamu, sare bado mwilini.

"Mtu huwezi kumtoa mtoni naye amelishika jiwe," mama yake alisema. "Vuka kwanza barabara yao. Rudi upande huu. Kisha uje uniombe."

"Nikiacha kazi Ayaa atakula nini?"

"Na mwenye kiir hula nini?"

Siku chache baadaye Byansi alimwita ofisini. Kulikuwa na soda ya baridi juu ya meza, jambo ambalo Ojara hakuwa ameliona tangu aajiriwe.

"Kesi ya mama yako ina tatizo," alisema. "Haina shahidi. Polisi wote wanasema waligeuka. Wanakijiji wanasema waligeuka. Dereva wa greda amekimbilia kwao, simu yake haipatikani. Kwa hiyo katika dunia nzima, mtu aliyemwona yule mwanamke uchi ni wewe tu."

"Yule mwanamke ni mama yangu."

"Ndiyo maana utaaminiwa. Utasema ulichokiona. Ukikataa, usirudi hapa."

Ojara hakuigusa soda. Alitoka akatembea mpaka mjini, kwa wakili aliyekuwa anamtetea mama yake bila malipo, binti mmoja mwembamba aliyeitwa Lanyero.

"Nikisema sikuona?" alimuuliza.

"Watakuonyesha koti. Limewekwa kama kielelezo."

"Basi nisemeje?"

Lanyero alifunga mlango. "Sikufundishi uongo. Nakuambia sheria tu. Sheria haina neno na mtu anayeoga uani kwake. Kama mpita njia amemwona, basi huyo mpita njia ageuze macho yake. Ina neno na mtu anayevua makusudi ili aonekane. Tofauti yote ni hapo."

Neno moja tu. Kuoga. Ojara alilala nalo na kuamka nalo. Likimtoka mdomoni, mama atarudi nyumbani. Likimtoka, kazi imekwisha, maziwa ya Ayaa yamekwisha. Na lisipomtoka, itambidi asimame mbele za watu aseme nilimwona mama yangu uchi, maneno ambayo kwetu hata mlevi hayatamki.

Siku ya kesi mahakama ilijaa mpaka madirishani. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imemshuka puani. Ojara alipanda kizimbani akiwa na sare, kwa sababu Byansi alitaka aonekane na sare. Mwendesha mashtaka, bwana mmoja mwenye tai nyekundu, alianza polepole.

"Asubuhi ile ulimkuta mshtakiwa katika hali gani?"

Ojara alimtafuta mama yake kwa macho. Mama alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

"Alikuwa anaoga."

Mnong'ono ulipita. Nyuma kabisa, Byansi alikunja mikono kifuani.

"Anaoga. Kwa maji gani?"

"Ya mtungini."

"Na ufagio mkononi?"

"Kwetu mtu hufagia kwanza, ndipo aoge."

Watu walicheka, wa kwanza kwa woga, wengine kwa sauti. Hakimu akagonga meza.

"Anaoga mbele ya greda?"

"Greda ndilo lililokuja mbele yake. Yeye alikuwa pale siku zote."

Lanyero akasimama haraka, moto ungali unawaka. "Mheshimiwa, upande wa mashtaka utuchagulie jambo moja. Kama ua ule ni wa mama huyu, alikuwa kwake. Kama ni wa kampuni, kama kampuni inavyodai, basi ni mali ya mtu binafsi. Hiyo hadhara iko wapi?"

Yule bwana wa tai nyekundu alitabasamu. Swali hilo alikuwa analingoja. "Iko barabarani, Mheshimiwa. Mbele ya ua ule inapita barabara ya watu wote. Kinachoonekana kutoka barabarani kimefanyika hadharani, hata kama aliyekifanya yuko juu ya kitanda chake."

Barabara ile ile. Waliipitisha kwenye ufuta wake bila ruhusa yake, na sasa ndiyo iliyokuwa inamvua nguo mbele ya sheria. Angevua mwaka mmoja nyuma, pale pale, asingekuwa na kosa lolote.

"Hata hivyo," Lanyero alisema, "anayeoga hakusudii kuonekana. Shahidi wao wenyewe amesema alikuwa anaoga."

Hakimu alikuwa ameanza kutikisa kichwa kukubali. Wote waliona. Ojara aliona, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile pumzi ilimshuka mpaka tumboni. Ndipo Min Ojara aliposimama.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

"Mama, kaa," Lanyero alimvuta mkono. "Kesi imeshakuwa yetu."

"Wewe binti ni msomi na nakushukuru. Lakini nikikubali kwamba nilikuwa naoga, wale walikimbia nini? Walikimbia sabuni?" Alimgeukia hakimu. "Mwanangu amesema uongo kwa kunipenda. Sikuwa naoga. Nilivua kwa sababu walikuja kuchukua ardhi ambayo mume wangu amelala ndani yake. Niliwaambia kwa mdomo, hawakusikia. Nilipeleka wazee, wakapewa sukari. Nilibaki na mwili huu. Nikisema leo kwamba nilioga, kesho watarudi wakicheka."

"Mama, unaelewa unachokubali?" hakimu aliuliza.

"Naelewa. Na wewe unaelewa, maana umezaa."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu bila kuinua uso. Alipousoma uamuzi, aliusoma kwa haraka, kama anayetembea juu ya makaa. Ua unaoonekana kutoka barabarani ni hadharani. Kukusudia kumekubaliwa na mshtakiwa mwenyewe. Mila si utetezi. Kifungo cha miezi sita. Kuhusu ardhi, alisema, hilo ni shauri lingine, la mahakama nyingine, na mpaka hapo litakaposikilizwa amri iliyopo iendelee.

Nje, Byansi alimngoja Ojara chini ya ngazi.

"Rudisha sare."

"Nitaileta kesho."

"Sasa hivi. Mshamba wewe. Tumekulisha, umetuaibisha."

Ojara alivua buti, akavua shati, akaviweka miguuni pa Byansi. Akasimama kifua wazi katikati ya uwanja wa mahakama, mbele ya watu wote, na hakuna askari hata mmoja aliyemtazama mara mbili.

Mama yake alikuwa anapandishwa kwenye gari la wafungwa. Alimwona. Akamwomba askari amngoje kidogo.

"Umevuka barabara," alisema.

"Nimevuka, mama. Lakini kwa nini hukuniachia lile neno? Ungekuwa unarudi nyumbani."

"Nyumbani gani? Nisingerudi na kitu." Alimtazama kifua chake, kama anayepima mahali. "Hapa kuna kelele, na baraka haitolewi kwenye kelele. Kesho asubuhi uje kule wanakonipeleka. Nitakutemea mate. Mwambie Ayaa arudi nyumbani kwake."

Ojara alivuka mto miguu mitupu. Ayaa alimpokea mlangoni kwa mama yake, akamsikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya tumbo. Hakulia. Aliingia ndani akatoa ufuta uliokaangwa, akausaga kwenye jiwe mpaka ukatoa mafuta, akaufunga kwenye jani la mgomba pamoja na viazi vitamu.

"Mpelekee mama," alisema. "Mwambie atume na mate ya kunibariki mimi. Utayaleta kifuani kwako, nitaweka tumbo hapo."

Gereza liko mwisho wa mji, limezungushiwa mabati yaliyotobolewa na misumari ya mapaa mengine. Ojara alifika mapema, shati la kuazima halijafungwa vifungo, kifurushi mkononi. Askari wa lango alimwambia asubiri, wafungwa wapya waliletwa jioni na sasa wanakaguliwa. Akasubiri. Kisha akasikia kikohozi upande wa pili wa bati, kikohozi alichokijua tangu kambini. Akasogea. Palikuwa na upenyo kati ya bati na bati.

Wanawake wanne walikuwa wamesimama kwenye mstari katika uwanja wa saruji. Askari wa kike, msichana mdogo wa kutoka mbali, alikuwa anatafuna kipande cha muwa.

"Vua zote. Upesi. Chuchumaa. Kohoa. Simama. Tena."

Min Ojara alikuwa wa mwisho. Alivua gauni, akalikunja vizuri, akatafuta mahali pasafi pa kuliweka, hakupaona, akalishika. Akaambiwa aliweke chini. Akaliweka. Kule uani kwake alikuwa amesimama mikono wazi. Hapa aliweka mkono mmoja juu, mmoja chini, akajikunja. Msichana yule hakugeuka, hakukimbia. Alitema makapi ya muwa.

"Toa mikono, mama. Hatuna siku nzima."

"Wewe." Askari wa lango alikuwa amemshika Ojara bega. "Unachungulia wanawake waliovua nguo? Hujui hilo ni kosa kisheria?"

"Yule ni mama yangu. Ameniambia nije asubuhi."

"Ndiyo vibaya zaidi. Ondoka kabla sijakufungulia jalada."

Min Ojara aliisikia sauti ya mwanawe. Aligeukia ukuta, akawapa wote mgongo, akachuchumaa tena, akakohoa kama alivyoamriwa.